Maji ya Chai ya Mama Tryphosa

Begi la Mama Tryphosa lilikuwa limefungwa zipu tangu Jumapili, na leo ilikuwa Alhamisi. Ndani mlikuwa na leso nne, sweta mbili, Biblia na dawa ya kuchua magoti. Alikuwa ameshakata shauri: majibu ya maabara yakitoka tu, atapanda gari arudi kwao Kimilili kabla hajaambiwa arudi. Afadhali mtu ajiondokee mwenyewe kuliko kusindikizwa.

Begi hilo lilikaa juu ya kiti cha plastiki katika chumba alichokodishiwa kwa jirani, Jelagat, na chumba chenyewe kina habari yake. Nyumba ya bintiye, Nabalayo, iko hatua ishirini tu kutoka hapo, papa hapa mtaani Kimumu, Eldoret, na ina kitanda cha wageni chenye godoro ambalo bado linanukia upya wa dukani. Lakini ni nyumba ya mkwe. Kwa Wabukusu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa bintiye, na hilo watu wengi wangali wanalifuata hata mjini. Mama Tryphosa aliongeza na ya kwake. Kiti ambacho Wesonga hukalia, yeye hakikalii. Mlango wa chumba chao cha kulala hapiti karibu nao. Na jiko la gesi la Wesonga haliwashi ng'o, maana moto wa nyumba ni wa mwenye nyumba. Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu. Alilifikia mwenyewe kwa kufikiri, na jambo ambalo Mama Tryphosa amelifikia mwenyewe, hata askofu hawezi kumtoa.

Kila asubuhi alikuwa akisubiri dirishani kwa Jelagat mpaka mkwe aende kazini. Wesonga ni karani katika ghala la kukaushia mahindi, mtu mpole, mwenye aibu kuliko mkwewe. Alijua anasubiriwa. Basi akifika langoni alikohoa mara mbili, kwa nguvu, ndipo akashika njia. Jioni akirudi alikohoa tena pale pale langoni, na Mama Tryphosa akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa vikohozi hivyo watu hawa wawili walikuwa wameishi kwa amani miezi miwili bila kutazamana usoni.

Kilichomleta Eldoret ni mjukuu. Ashley alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo hata hakufikia uzito wa pakiti ya unga, na Nabalayo akaimaliza karibu likizo yake yote ya uzazi kwenye wodi ya watoto wachanga. Mtoto alipofika nyumbani, kazi nayo ilikuwa ikimwita mama yake. Na kazi ya Nabalayo si ya kuambiwa ingoje. Katika maabara yao wanatafuta vijidudu vinavyojificha ndani ya vyakula, hasa maziwa ya kopo ya watoto, kisha wanazisoma jeni zake kwa mashine ili wajue vimetoka wapi. Kanisani Mama Tryphosa aliwaeleza wenzake kwa ufupi: "Mtoto wangu ni polisi wa bakteria." Aliona fahari, na ningekuwa yeye ningeona fahari vilevile.

Maziwa ya Nabalayo yalikuwa machache, hivyo Ashley aliongezewa ya kopo. Juu ya friji Nabalayo alibandika karatasi kwa herufi kubwa: CHEMSHA MAJI KILA MARA. TUMIA YAKIWA BADO MOTO SANA. HALAFU POZA CHUPA KWENYE BESENI. Siku ya kwanza Mama Tryphosa aliisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akalitazama jiko la mkwe. Kisha akaitazama chupa ya chai pale mezani, ambayo Nabalayo alimjazia maji moto kila alfajiri kabla hajatoka, ili mama yake ajitengenezee chai kutwa nzima.

Maji si hayo? Yamechemshwa na mwenye nyumba mwenyewe. Basi maziwa ya Ashley ya saa nne, ya saa saba na ya saa kumi yakakorogwa kwa maji ya ile chupa. Ilikuwa chupa ya zamani, kizibo chake kimelegea, na baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba mnaijua. Kufika mchana maji yalikuwa vuguvugu, joto la mwili tu, na Mama Tryphosa akaona ni baraka, maana hapakuwa na haja ya beseni. Ili yasipungue, yeye mwenyewe akaacha kunywa chai. Mwanamke aliyekunywa chai vikombe vitano kwa siku tangu aolewe aliacha, na hakumwambia mtu.

Halafu ikaja ile Jumanne. Ashley alikuwa mtoto wa kelele, akitaka maziwa mtaa mzima unajua. Siku ile alilia kidogo kidogo, kama mtu anayeomba msamaha, akakataa chupa, na shingo yake ilikuwa ya moto. Mama Tryphosa hakungoja kumpigia mtu simu. Alimfunga kifuani kwa leso mbili, akatoka barabarani na viatu vya kuogea, akamsimamisha Maurice wa boda boda.

"Hospitali kubwa. Na usirushe huyu mtoto."

"Mama, wewe shika mtoto," Maurice alisema, "mimi nitashika barabara."

Daktari alisema aliyemleta mapema ndiye aliyemwokoa, kwamba wangengoja mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mengine. Siku ya tatu majibu ya damu yakatoka: kijidudu kiitwacho Cronobacter, kile kile ambacho Nabalayo amekisoma miaka minne, kile kinachoweza kukaa ndani ya unga mkavu wa maziwa kikisubiri maji. Nabalayo aliposikia jina hilo alikaa chini sakafuni, na mavazi yake ya kazi, mbele ya watu.

Usiku wa shida mtu humtafuta wa kumuuliza, na wa kuulizwa alikuwa mmoja. Hata haikuwa usiku. Ilikuwa saa sita mchana, kwenye benchi la wodi.

"Mama," Nabalayo alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini. "Ulikuwa unatengeneza maziwa namna gani?"

"Vile uliandika."

"Ulikuwa unachemsha maji kila saa?"

"Si nimekuambia vile uliandika?"

Huo ndio uongo wenyewe. Ulimtoka haraka, kwa woga tu. Aliogopa kwamba akisema ukweli, hatampakata tena yule mtoto. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba ukiitembea na umri wa miaka sitini na mitatu magoti yanauma kila hatua.

Nabalayo hakuuliza tena. Kesho yake alikuja nyumbani na sanduku la vichupa, akavaa glavu, akaanza kupaka vijiti vya pamba kila mahali: kopo la maziwa lililokuwa likitumika, kijiko cha kupimia kilichokaa ndani yake, sinki, brashi ya kuoshea chupa, pampu ya kukamulia maziwa, kizibo cha chupa ya chai. Alichukua na kopo jingine la shehena ile ile ambalo halijafunguliwa. Kila kichupa akakipa nambari. Mwisho akageuka.

"Mama, lete mikono."

Mama Tryphosa akatoa mikono yake. Binti ambaye yeye ndiye aliyemwosha, akamsuka, akamfundisha kushika kalamu, sasa alikuwa amevaa glavu akimfuta katikati ya vidole kwa kijiti. Ilikuwa nambari kumi na moja. Nambari kumi na mbili ilikuwa mikono ya Nabalayo mwenyewe, lakini hiyo Mama Tryphosa hakuisikia, maana masikio yalikuwa yameziba kwa uchungu.

Nabalayo hakuruhusiwa kuzipima sampuli zile. Mkubwa wake, Daktari Kabiru, alizichukua zote na kumfungia mlango. "Hakimu hasikizi kesi ya mama yake," alimwambia. Basi wakangoja. Ashley alidungwa sindano siku nyingi, akapona, akaanza tena kelele zake, na Jumamosi iliyopita akarudi nyumbani, mwembamba lakini mkali. Nabalayo aliomba ruhusa ya wiki moja kazini. Maziwa akawa anayatengeneza mwenyewe. Mama yake alikuja asubuhi, akapewa mtoto wa kupakata, akapewa chai, hakupewa chupa. Hakuna aliyesema neno baya. Ndiyo maana Jumapili, akitoka kanisani, alifunga begi.

Jumatatu aliuliza swali moja tu. "Hiyo mashine yenu itajuaje? Bakteria si zote ni sawa?"

Nabalayo alikuwa akikunja nepi. Akafikiri kidogo, kisha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ukalegea.

"Mama, ukipatana na Mbukusu hujui, unamuuliza nini kwanza?"

"Ukoo wake. Halafu wajomba wake ni wa ukoo gani."

"Na ukishajua?"

"Nitajua mpaka babu yake alitoka boma gani. Na kama anaweza kuoa mtoto wangu au hawezi."

"Basi. Mashine inauliza bakteria ukoo. Ile ya kwa damu ya Ashley iko na ukoo. Tukipata ingine ya ukoo huo kwa kitu yoyote hapa nyumbani, tunajua ilitoka hapo. Haiwezi kudanganya."

Mama Tryphosa alitikisa kichwa polepole. Aliielewa kazi ya mwanawe kuliko alivyowahi kuielewa, na akatamani asingeielewa. Yeye alikuwa amewahi kuvunja uchumba wa watu kwa kuuliza maswali kama hayo matatu tu. Kama mashine ni hodari hivyo, ilikuwa tayari imeshaiuliza nambari kumi na moja, na nambari kumi na moja imeshamtaja.

Ndivyo ilivyofika Alhamisi, saa kumi na moja jioni, begi kwenye kiti. Nabalayo alikuwa ameitwa maabara mchana, na Jelagat alikuwa sebuleni kwake akimbembeleza Ashley. Mlango wa chumba ukafunguliwa bila hodi. Nabalayo akaingia na macho mekundu, akaliona begi, akaliweka chini, akakaa juu ya kile kiti.

"Mama. Nambari kumi na moja iko safi."

"Safi?"

"Kuna vitu ya kawaida, kila mtu ako nazo. Lakini ya ukoo wa ile ya Ashley, hakuna."

Mama Tryphosa alijikuta ameshika ukingo wa kitanda. Furaha ilimjia kama maji ya moto miguuni. Nabalayo akaendelea.

"Ni brashi. Brashi yangu, Mama. Si unajua kila jioni nilikuwa naosha kile kijiko cha kopo? Kopo imeandikwa kisioshwe, kikae kikavu. Mimi nikaona ni uchafu. Nikakiosha na hiyo brashi ya sinki, nikakirudisha ndani ya maziwa kikiwa na maji. Kila jioni!" Akajipiga paja. "Kopo yenye haijafunguliwa iko safi. Ile yetu, na brashi, na damu ya mtoto, ni ukoo moja. Kati ya herufi milioni nne na zaidi za jeni zake, zimepishana mbili tu. Mbili! Mimi mwenye nafundisha wamama, ndiye nilipanda hiyo kitu kwa maziwa ya mtoto wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Tryphosa hakulisema hilo, alikuwa na adabu zake. Alimvuta kichwa akakilaza mapajani, na Nabalayo, mwenye shahada mbili, akalia kama siku aliyovunja kibuyu cha nyanya yake.

Na hapo, ndugu zangu, mtu angeweza kunyamaza. Mashine ilikuwa imemwachilia. Ukoo ulikuwa umeulizwa na haukuwa wake. Angeweza kulifungua lile begi, kuzitundika leso zake ukutani, kumpapasa bintiye mgongo na kukaa na mjukuu wake mpaka aote meno. Alilifikiria hilo, simfichii. Alilifikiria kwa muda ambao mtu huchukua kumeza mate.

"Kitu moja tu ndiyo hatuelewi," Nabalayo alisema kutoka mapajani. "Hata kama ilikuwa kwa kopo, maji ya kuchemka ingeiua. Tumepima mara mingi. Na wewe ulikuwa unachemsha kila saa. Kwa hivyo Daktari Kabiru anasema labda hii ni aina mpya, haisikii moto. Ataandika hivyo kwa ripoti. Itabidi tuache kuambia wamama maji moto inasaidia."

Mkono uliokuwa ukipapasa ukasimama. Mama Tryphosa aliwaona wale kina mama. Aliwaona kina nani, sijui, wa Burnt Forest, wa Pioneer, wa Kimilili kwao, kila mmoja na kopo na mtoto, wakiambiwa maji moto hayana kazi.

"Inuka," alisema.

Nabalayo akainuka.

"Maji haikuwa moto."

"Maji gani?"

"Ya Ashley. Sikuchemsha. Hata siku moja. Nilikuwa natumia ile ya chupa ya chai, ile unaniwekea asubuhi. Saa kumi inakuwa baridi karibu. Mimi siwezi kuwasha moto ya mkwe, Nabalayo. Sijawahi, na sikukuambia, na uliponiuliza nikakudanganya. Mwambie huyo Kabiru asiandike. Mwambie ni mama yako."

Sebuleni Jelagat alikuwa akimwimbia Ashley wimbo wa Kinandi. Mama Tryphosa alingoja apigiwe kelele, na alitaka apigiwe, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nabalayo alimtazama tu, midomo ikihesabu kitu.

"Hiyo ilikuwa maji yako ya chai," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo wewe ulikuwa unakunywa chai na maji gani?"

"Nilikuwa nakunywa jioni. Kwa Jelagat."

"Mama. Kutoka asubuhi mpaka jioni? Miezi miwili? Na hii baridi?"

"Mimi ni mtu mkubwa. Mtoto ndiye alikuwa anahitaji."

Nabalayo aliishika ile mikono ya nambari kumi na moja, safari hii bila glavu, akaikandamiza usoni pake. Walikaa hivyo. Mmoja alikuwa amekipanda kijidudu kwa kupenda usafi, mwingine amekiacha hai kwa kumheshimu mkwe na kujinyima chai, na kati yao mtoto nusura azikwe. Hakuna mahakama ingeweza kuwagawanya. Walipendana, na walikuwa wamekosea, na sasa yote mawili yalikuwa mezani.

"Hii begi ni ya nini?" Nabalayo aliuliza, akijifuta pua.

"Ilikuwa ya kwenda."

"Nitaambia Wesonga akununulie jiko yako. Tuweke kwa veranda. Moto yako mwenyewe."

Mama Tryphosa alifikiri. Sebuleni wimbo wa Jelagat ulikatika, na badala yake ikaja ile kelele ambayo mtaa mzima unaijua. Saa kumi na mbili kasorobo; Ashley alitaka maziwa.

"Miiko ililetwa ili watu waheshimiane," alisema, akisimama na magoti yake. "Haikuletwa ili ikule watoto. Leta huyo mtoto, tuende."

Alitangulia yeye. Alivuka zile hatua ishirini katika manyunyu, akaingia kwa mlango wa nyuma, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nabalayo alisimama mlangoni na Ashley begani, kopo jipya tayari mezani, kijiko kikavu, brashi ya zamani imeshatupwa. Hakusaidia. Alijua hili si la kusaidiwa. Mama Tryphosa aliweka sufuria ya maji juu ya jiko la Wesonga, akageuza kitufe, akawasha kiberiti. Cha kwanza kilizimika. Cha pili kikashika, na moto wa buluu ukazunguka mduara wote.

Hapo ndipo kikasikika kikohozi langoni. Mara moja. Mara mbili.

Mama Tryphosa aligandishwa na aibu mahali aliposimama. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua nne tu. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutoa sauti chini ya sufuria. Kupitia dirisha la jikoni alimwona mkwe, na mkwe, kabla hajajizuia, akaona moto, akaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe juu ya moto huo.

Wesonga hakuingia. Aligeuka, akalipa mgongo dirisha, akasimama langoni kwake kwenye manyunyu na gazeti kichwani, akitazama barabara kana kwamba kuna mtu anamngoja.

"Ataloa," Nabalayo alinong'ona.

"Wacha aloe. Maji haijachemka."

Aliyaacha mpaka yakatokota kweli kweli, mpaka kifuniko kikacheza. Akapima, akamimina, akakoroga, akaitia chupa kwenye beseni la maji baridi na kuizungusha, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, akangoja, akajidondoshea jingine. Ashley aliishika chupa kwa fizi kama mwenye kesi nayo. Maji yaliyobaki yalikuwa bado yanafuka. Mama Tryphosa akatia majani, akatia maziwa na sukari, akatoa vikombe vitatu.

Kisha akazima jiko la mkwe wake, akajifunga leso vizuri, akageukia dirisha na kukohoa mara mbili.